King'ora Chenye Tumbo Lake

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Betri mpya imefungwa leo. Ya zamani imekwenda na mwizi.

Niandike ukweli hapa, maana huko mtaani umeshapindishwa. Jumamosi, saa sita mchana, jua la utosi. Nimeegesha gari la Dada mbele ya kinyozi. Nimeingia kidogo tu. Si kunyoa. Kuna watu mle walihitaji kusikia jinsi nilivyovusha lori mtoni bila usukani, nikigeuza magurudumu kwa spana. Basi nikiwa katikati ya mto, mwizi akafungua boneti, akakata waya wa betri, akaibeba, akafunga boneti. Taratibu! Mtu ana adabu zake. Alamu haikusema hata kwi.

Dada hakunigombeza kwa sauti. Bora angenigombeza. Dada yangu ni mkunga, na akikasirika huishusha sauti kama anayemwambia mzazi asukume. Akasema gari lake si baraza la hadithi. Wiki hii kuna mtu analitegemea. Binti yake Fundi Redio, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mimba yake imetimia na mtoto amekaa vibaya, makalio ndiyo yametangulia. Siku uchungu ukimshika hakuna habari ya kuzalia nyumbani. Ni hospitali kule mlimani, moja kwa moja. Kwa hiyo anataka mambo mawili kufikia Ijumaa: gari liwake likihitajika, na lipige kelele likiguswa. Nikishindwa, ufunguo anampa dereva wa kweli.

Dereva wa kweli! Mimi, miaka ishirini na sita barabarani, bila ajali hata moja ambayo kosa lilikuwa langu!

Nimekaa mbele ya boneti tangu alasiri nikijiuliza alamu ilinyamazaje. Jibu likanijia kama radi. Na radi naijua, iliwahi kunipiga nikiwa darasa la sita. Ndiyo maana umeme niliuelewa mapema, na ndiyo maana mwalimu aliona hana tena cha kuniongezea. Jibu ni hili: alamu inakula kwenye sahani ya gari. Mwizi akiondoa sahani, alamu inabaki na njaa. Sauti itatoka wapi?

Dawa: kuipa alamu tumbo lake. Betri ya akiba, iliyofichwa, ambayo mwizi haijui.

Ajabu hakuna binadamu aliyewahi kulifikiria hili.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Kumbe wapo. Mama muuza vipuri amenionyesha king'ora kilichotengenezwa tayari. Kina betri ndogo ndani kwa ndani na kifunguo cha kukizimia. Nikamwambia hicho ni cha watu wasio na kichwa. Akasema ndiyo maana amenionyesha mimi. Nikacheka naye vizuri sana. Nilielewa nilipofika nyumbani.

Nilitoka na vitu vya wanaume. Betri ya pikipiki, imetumika lakini ina heshima zake. King'ora cha kiwandani, kikubwa kama sufuria ya shughuli, kile cha kuwaita wafanyakazi. Waya mwekundu, na mwingine mwekundu. Na rilei moja. Mama wa watu akaniuliza mara tatu kama nyumbani kwetu kuna mtu mzima.

Hiyo rilei ni kitu cha ajabu! Ukubwa wake kama kibiriti. Ndani mna ulimi wa chuma. Umeme ukiwepo, ulimi unavutwa, unatulia. Umeme ukikatika unaachia, tak!, unagusa upande wa pili, na huko ndiko nilikofunga king'ora. Nimekaa nao jioni nzima. Naweka umeme, natoa. Tak. Tak. Tak. Chakula kimepoa. Nani aliuambia ulimi ule kwamba umeme umekuja? Hauna macho, hauna masikio. Dada akachungulia mlangoni akauliza kama nina homa.

Nimeongeza ujanja wangu mwenyewe. Ulimi ukishaachia, haurudi. Hata umeme ukirejea, kelele inaendelea mpaka swichi ya siri ibonyezwe. Yaani mwizi hawezi kukibembeleza king'ora changu. Na swichi yenyewe nimeificha chini ya kiti cha nyuma. Si pembeni. Chini kabisa, kwenye bati, mpaka ung'oe kiti kizima ndipo uione.

Nani atathubutu kung'oa kiti?

Jumatano, tarehe 11 Juni

Siku ya majaribio. Nilimwita Fundi Redio awe shahidi. Alikuja na kigoda chake. Mzee huyu hutengeneza redio kibarazani kwake, huongea kidogo, na ubaya wake mmoja ni kwamba akiongea huwa kweli. Sijui watu kama hao wanapata wapi marafiki.

Nikajifuta mikono. Nikang'oa waya wa betri kubwa kwa mkono wa kushoto, kwa madaha.

Kimya.

Nikaurudisha, nikaung'oa tena. Kimya. Kuku akapita. Fundi akauliza kwa upole kama ndiyo imeisha. Nikamjibu kuwa mtambo unakusanya nguvu.

Hapo akainuka, akaangalia nyaya zangu, akasema nimezifunga betri mbili kama vikombe viwili vyenye mrija mmoja. Rilei inakunywa kote kote. Mwizi akichukua kikombe kimoja kingine kipo, sasa itajuaje kuna mwizi? Na tena, akasema, hiyo kuukuu itakuwa inainyonya mpya usiku na mchana. Panatakiwa mlango wa njia moja. Umeme uingie kwenye betri ndogo, usirudi.

Akatia mkono mfukoni akatoa kidude cheusi kama punje ya mchele, kina mkanda mweupe upande mmoja. Kinaitwa dayodi. Akanionyesha mkanda uelekee wapi. Akasema, "Kafunge, Mjomba. Kazi ya dakika mbili. Ukishindwa niite."

Niite! Nikishindwa!

Nilikusudia kuifunga. Naapa. Lakini niliiweka mezani kwanza, nikaitazama. Mlango? Kwenye punje ya mchele? Nani anaufungua, nani anaufunga? Na umeme ukikuta umefungwa unabisha hodi, au unageuka wenyewe? Nikaimulika kwa tochi. Nikaipuliza upande huu, nikaipuliza upande ule. Nikailamba. Hakuna tofauti. Binadamu akili yake inataka kujua. Nikachukua nyundo.

Nilitaka kuuona mlango tu.

Ndani mlikuwa na unga mweusi na kijipande cha kitu kinachong'aa kama gamba la samaki. Hakuna mlango! Hata bawaba hakuna! Kwa hiyo leo nimegundua jambo ambalo Fundi Redio hajalijua kwa miaka yake yote arobaini ya ufundi.

Tatizo, sasa sina dayodi. Na siwezi kwenda kuomba nyingine, maana ataniuliza ya kwanza iko wapi. Vipande nimevitia ndani ya kibiriti.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

NIMEFAULU. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Niliamka na wazo limesimama kando ya kitanda. Shida ni nini? Betri ndogo ikiachwa peke yake haichoki, inaendelea kuishikilia rilei. Basi nitaichosha! Nimechukua taa ya mbele ya gari, ile kali, nimeifunga ndani ya buti iwake muda wote. Betri kubwa ikiwepo, taa ile kwake ni mzigo wa unyoya. Mwizi akiondoa kubwa, ndogo inabebeshwa mzigo wote peke yake, inahema, magoti yanalegea, ulimi unaachia. Tak!

Buti likifungwa, taa haionekani. Dayodi ya nini?

Jioni nikamwita Dada. Fundi akaja na kigoda. Binti yake akaja pia, tumbo limemtangulia hatua mbili. Nikang'oa waya.

Mama yangu mzazi! Kuku wamehama. Mtungi umeanguka kwa jirani wa tatu. Binti wa Fundi akashika tumbo akasema mtoto ameruka, labda amegeuka akakaa vizuri. Dada akampima hapohapo. Hajageuka. Lakini nilimwona Dada akinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu nilipomaliza darasa la tano. Akasema, haya, angalau kinalia. Akaniachia ufunguo mpaka kesho.

Nilizima kwa kung'oa kiti. Dakika saba. Nitazoea.

Fundi akaniuliza kama dayodi niliielekeza inavyotakiwa. Nikamwambia dayodi iko mahali inapostahili.

Dada akaweka mkoba wake wa kazi ndani ya buti, pamba, glavu, taulo za mtoto. Nikawahi kuifunika ile taa kwa kitambaa asiione. Akauliza mbona mle mna joto. Nikamwambia huo ni ubora.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mwandiko wa leo umepinda. Si woga. Ni uchovu wa usukani.

Saa nane mchana binti wa Fundi aliita. Mara moja tu, lakini sauti ilipita ukuta. Dada akatoka mbio akinifungia kanga kiunoni, hapana, akijifungia yeye, nimechanganyikiwa. Akasema twende sasa hivi, maji yametoka. Fundi akamshika binti yake mkono huu, Dada mkono ule, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa Dada. Fundi akakaa mbele pembeni yangu. Mzee amevaa kiatu kimoja.

Nikazungusha ufunguo.

Gluk.

Nikazungusha tena. Gl. Taa za dashibodi zikafifia kama macho ya mtu anayesinzia msibani. Kisha, chini ya boneti, nikaisikia. Ndogo, lakini naijua sauti yake hata ndotoni. Tak.

King'ora kikaanza.

Mwenye gari akawa ndiye mwizi! Taa yangu ya buti ilikuwa imekula betri kubwa tangu jana. Stata ilipoomba umeme ikakuta mabaki, rilei ikaachia, na mabaki yenyewe hayatoshi kuwasha gari lakini kwa kelele yanatosha sana. Hilo nimelijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba Dada anaongea, midomo inacheza, sauti siisikii.

Akaniinamia sikioni, zima! Nikamwambia swichi iko chini ya kiti. Akauliza kiti kipi. Nikamwonyesha kwa kidole binti wa Fundi.

Sijawahi kutazamwa vile. Dada akasema mgonjwa hainuliwi hata kwa upana wa ukucha. Na yule binti, katikati ya uchungu, akapata nafasi ya kusema, "Mjomba, nikitoka salama, nakuja kukupiga."

 Fundi alinitazama mara moja, akateremka, akaenda nyuma ya gari akaweka mabega. Mzee wa miaka sitini na tisa. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Nikapiga kelele kuomba watu, lakini nani atanisikia? Hata hivyo watu walikuja wenyewe, king'ora kimewaita. Kinyozi alifika na mashine mkononi, na mteja wake amenyolewa nusu kichwa, kitambaa shingoni. Wakasukuma watatu. Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya pili, likachukua mwendo, nikaachia. Likakohoa. Likawaka! Fundi akadandia mlango tukiwa tunakwenda, na kile kiatu chake kimoja kikabaki barabarani.

Umeme umerudi, lakini kelele haiishi. Ndivyo nilivyokiunda. Hakibembelezwi.

Tukafika makutano ya sokoni. Foleni! Malori, mikokoteni, mabasi, hapapiti hata sindano. Nikajisemea, hapa ndipo ufunguo unapokwenda kwa dereva wa kweli, na ufunguo ni jambo dogo, kuna mtoto ametanguliza makalio. Nikamtazama Fundi. Midomo yake ilikuwa inaomba dua.

Basi lililokuwa mbele yetu likasogea kando.

Halafu lori. Halafu mkokoteni wa vitunguu ukapanda ukingo. Wanatupisha! Wamesikia king'ora, wamedhani gari la wagonjwa! Askari wa barabarani akasimamisha njia nzima kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanipigia saluti. Nikaijibu. Dada akanipiga konzi kutoka nyuma nirudishe mkono kwenye usukani. Tulipanda mlima ule kama tunatelemka. Getini mlinzi alikuwa ameshafungua. Wauguzi wamesimama na kitanda cha magurudumu kabla sijakanyaga breki, walitusikia tangu chini ya mlima.

Walipomchukua nikang'oa kiti. Dakika moja na nusu. Nikabonyeza. Kukawa na kimya kikubwa hata nikasikia moyo wa Fundi, au wangu.

Mtoto wa kiume. Wamemtoa kwa upasuaji, wote wawili wazima. Daktari alimwambia Dada kwamba wangechelewa nusu saa, na hakumalizia. Fundi alikaa kwenye ngazi, miguu mitupu, akalia. Nikakaa pembeni yake. Sikuwa na hadithi yoyote. Nimeandika hilo maana ni mara ya kwanza.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Siandiki. Dada yuko nyumbani.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Hukumu imetoka.

Dada alianza na taulo. Alisema alipofungua mkoba kule hospitali taulo zilikuwa na joto, kama zimetoka kuanikwa, na mtoto alivikwa taulo la joto. Nikainua kidevu. Kisha akanionyesha pembe ya taulo lenyewe, imeungua rangi ya chai. Nikakiteremsha. Akasema angenipokonya ufunguo juzi ileile, ila Fundi ameniombea. Fundi! Amesema pasipo kile king'ora wangekuwa bado makutano. Dada akamjibu pasipo kile king'ora gari lingewaka. Wakabishana juu yangu kama watu wanaonipenda.

Mwisho akaniapisha, kwa roho ya marehemu mama yetu, kwamba sitagusa tena waya wowote wa gari lake. Usukani, gia na ndoo ya kuoshea, basi. Nimeapa. Mimi nikiapa nimeapa.

Fundi amekuja kunitolea mitambo yangu yote garini. Hakuiona dayodi. Akauliza. Nikamletea kibiriti. Akafungua, akatazama vile vipande, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akafunga king'ora cha mama muuza vipuri, kile cha wasio na kichwa. Robo saa. Nilimpimia. Akang'oa waya, kikalia. Akazungusha kifunguo, kikanyamaza. Kitu kimekosa ladha kabisa. Lakini wazo la tumbo la akiba ni langu, na nimemkumbusha mara nne.

Jioni tumekwenda hospitali kumwona mtoto. Kapewa jina la babu yake, lakini mtaa mzima unamwita King'ora. Hapo ndipo penye utamu, maana mtoto mwenyewe hana sauti. Analia kama kipaka kilicho chini ya mablanketi. Mama yake hajanipiga, bado hana nguvu, ameahidi. Akamwambia Dada hofu yake ni moja: yeye hulala kama gogo, na wakirudi nyumbani kichanga kitalazwa chumbani kwa bibi yake, mke wa Fundi, mpaka mshono upone, kikilia huko hatakisikia.

Hakuna aliyeniuliza mimi. Lakini masikio ninayo.

Nimeapa kuhusu gari. Kitanda cha mtoto si gari. Betri ya pikipiki iko uvunguni mwangu. King'ora cha kiwandani kipo. Rilei ipo, nimetoka kuisikiliza sasa hivi, tak. Ulimi ule kama unasikia umeme, utashindwaje kusikia kipaka?

Na safari hii sirudii kosa. Naweka dayodi. Fundi alipokuwa anaaga alinishikisha mbili, akasema moja ya kuvunja, moja ya kufunga. Maneno gani hayo ya kumwambia mtu mzima? Nimeudhika sana.

Ya kwanza nimeshaivunja. Haina mlango.

Basi mlango uko kwenye hii ya pili. Nyundo hii hapa.